Maswali ya Wasomaji: Nyama ya Ndama, Tule au Tuache?

Tangu tulipochapisha makala juu ya bei ya maziwa mjini Goma, barua kadhaa zimetufikia zikiuliza juu ya mnyama ambaye makala ile haikumtaja hata mara moja: ndama. Tumechagua nne.

Ndugu Mhariri, kijana wangu wa kwanza amerudi kutoka masomoni Ubelgiji. Siku ya komunyo ya mdogo wake nilipika nyama ya ndama niliyoiagiza vilimani Masisi, kama marehemu mama yangu alivyokuwa akifanya kwenye sikukuu. Kijana alikataa kuigusa, akasema mbele ya wageni kwamba huo ni ukatili na kwamba Ulaya wenye akili waliiacha zamani. Muda si mrefu nikamkuta anamalizia jibini la Masisi lote. Binamu yake anayeishi Uingereza ametuambia kwa simu kwamba huko nyama ya ndama inarudi mezani, mradi iwe ya rangi ya waridi au ya bio, yaani ya kilimo hai. Nani kati yao anasema kweli, na mimi niendelee kununua au niache? (Mama wa Himbi, Goma)

Mama, vijana wako wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja ameshika kipande chake.

Alichokisikia mwanao kilikuwapo, na kilikuwa kibaya kuliko inavyofaa kuelezwa mezani. Katika nusu ya pili ya karne ya 20, sehemu nyingi za Ulaya na Marekani, ndama dume wa ng'ombe wa maziwa alitenganishwa na mama yake akiwa na siku chache, akaingizwa katika kizimba cha mbao chenye upana wa sentimita 60 hivi, akafungwa shingo, asiweze kugeuka wala, alipokua, kulala akiwa amenyoosha miguu. Hakupewa majani, bali maziwa ya unga yaliyopunguzwa madini ya chuma kwa makusudi, kwa sababu wanunuzi walitaka nyama nyeupe, na chuma ndicho kinachoipa nyama wekundu wake. Mnyama aliwekwa ukingoni mwa upungufu wa damu ili sahani ipendeze. Ndama mwenye afya huanza kutafunatafuna majani akiwa na wiki mbili tu, na tumbo lake la kucheua halikui vizuri asipoyapata. Hawa walilamba mbao za vizimba na manyoya yao wenyewe.

Uingereza ilipiga marufuku vizimba hivyo kuanzia mwaka 1990. Hasira ya watu haikuishia hapo, kwa kuwa ndama wa Kiingereza waliendelea kupakiwa kwenye malori, meli na ndege kwenda kufungiwa katika nchi jirani ambako vizimba vilikuwa bado halali. Mwaka 1995 umati ulijaribu kuzuia malori yasifike kwenye bandari za Shoreham na Brightlingsea, na mwanamke mmoja, Jill Phipps, alikufa baada ya kugongwa na lori lililobeba ndama katika uwanja wa ndege wa Coventry. Umoja wa Ulaya mzima uliachana na vizimba mwanzoni mwa 2007: sheria yake inasema kwamba ndama aliyepita wiki nane asifungiwe peke yake, apate madini ya chuma ya kutosha, na apewe chakula chenye nyuzinyuzi, kuanzia gramu 50 kwa siku katika wiki ya nane hadi gramu 250 katika wiki ya ishirini. Gramu 250 za majani kwa mnyama wa karibu miezi mitano ni kiasi ambacho mbuzi wa jirani yako hatakiona kuwa ni chakula. Lakini kabla ya sheria hiyo wengi hawakupewa chochote. Huko Marekani, ambako katika miaka ya 1940 mtu mmoja alikula zaidi ya kilo tatu za nyama ya ndama kwa mwaka, siku hizi hafikishi hata robo kilo. Bei na mazoea vilichangia, lakini picha za vizimba zilichangia pia, na mwaka 2006 wananchi wa Arizona walipiga kura kuvikataza.

Hapo ndipo binamu anapoingia. Walioacha kula nyama ya ndama hawakuacha kunywa maziwa. Ng'ombe hatoi maziwa asipozaa, na karibu nusu ya wanaozaliwa ni madume. Dume wa Friesian, aina ya ng'ombe wa maziwa, hajazi nyama kama ng'ombe wa aina za nyama, kwa hiyo mfugaji wa Kiingereza aliyekosa mnunuzi alibaki na njia mbili, kumpiga risasi mara tu anapozaliwa au kumuuza asafirishwe mbali. Mgomo uliokusudiwa kumwokoa ndama ulimfupishia maisha kutoka miezi hadi saa. Ndiyo maana mashirika yaleyale yaliyopambana na vizimba, likiwamo Compassion in World Farming, lililoanzishwa mwaka 1967 na Peter Roberts, ambaye mwenyewe alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, yaligeuka na kuwahimiza watu wanunue nyama ya ndama waliolelewa kwa makundi, juu ya matandiko ya majani makavu, wakila nyasi na nafaka pamoja na maziwa. Nyama ya ndama hao huwa ya waridi kwa sababu damu yao ni kamili.

Nyama ya kilimo hai, hiyo ambayo mjini tunaiita bio, inakwenda mbele zaidi. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka ndama apate maziwa halisi, ikiwezekana ya mama yake, kwa siku 90 angalau. Asifungiwe peke yake baada ya wiki moja tangu kuzaliwa. Na atoke malishoni hali ya hewa inaporuhusu. Ni nyama ghali na si nyingi, na bado haijaenea kwenye meza za watu wa kawaida, lakini wapo watu walioapa miaka ya 1990 kutoigusa nyama hiyo ambao leo wanaiagiza kwa jina la shamba.

Sasa turudi kwenye sufuria yako. Ndama wa Masisi hajawahi kuona kizimba. Fika alfajiri kwenye zizi la ng'ombe wa kienyeji uone: ndama analetwa, ananyonya kidogo mpaka maziwa yashuke, anavutwa pembeni na kufungwa karibu na mguu wa mbele wa mama yake ili ng'ombe aendelee kumnusa na kumlamba, mkamuaji anachukua chake, kisha ndama anaachiwa amalizie. Ng'ombe wa aina hiyo akifiwa na ndama wake mara nyingi hukatisha maziwa, kwa hiyo hata dume ana kazi yake, na mfugaji anayemchinja mapema anajinyima mwenyewe. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya wazee wetu kutazama vibaya kisu kikipelekwa kwa ndama mdogo, na kumtoa tu kwa sikukuu kubwa.

Hali hiyo inabadilika, na hapo ningependa mwanao atulie afikiri. Kadiri damu ya Friesian inavyoongezeka zizini, ndivyo mazizi yanavyojaa ng'ombe wanaoshusha maziwa bila kumwona ndama, na ndivyo ndama dume anavyoanza kuonekana kuwa mdomo wa ziada unaokunywa maziwa ambayo yangepanda pikipiki kwenda Goma. Swali ambalo Ulaya ilijibu vibaya kwa nusu karne linatujia sisi pia, polepole. Nalo jibini alilolimalizia linatokana na maziwa hayohayo. Tena maziwa ya jibini hugandishwa kwa kimeng'enya ambacho kwa karne nyingi kilitolewa katika tumbo la nne la ndama aliyechinjwa akiwa bado ananyonya. Siku hizi viwanda vingi duniani hutumia kimeng'enya kinachotengenezwa na vijidudu, na anayejali anaweza kumuuliza mtengenezaji anatumia kipi. Simsemi kijana ili aaibike. Nasema tu kwamba anayekataa nyama ya ndama huku anakula jibini bado yumo katika biashara ileile.

Kwa hiyo endelea kununua, Mama, lakini kwa mtu unayemjua, na umuulize ndama alikuwa na umri gani, alinyonya hadi lini, na alifikaje mjini. Hili la mwisho ndilo linalonisumbua mimi kuliko yote. Ndama aliyefungwa miguu yote minne na kulazwa nyuma ya pikipiki kutoka Sake, kilomita 25 hivi za mashimo na vumbi, kichwa kikining'inia karibu na bomba la moshi, ameteswa na sisi wenyewe, si na Wazungu wa vizimba. Anayechinjwa kulekule alikokulia, mbele ya mkaguzi wa mifugo, na nyama ikaletwa usiku ikiwa imefunikwa vizuri, amepata kifo chepesi zaidi, na nyama yake huwa bora, maana mnyama aliyehangaika sana kabla ya kuchinjwa hutoa nyama nyeusi, ngumu, isiyokaa.

Si dhambi kumchinja mnyama akiwa bado mtoto? Nyama ya ng'ombe mzima naila, lakini ya ndama moyo unakataa. (Mwanafunzi, Katindo)

Moyo wako sina mamlaka nao, lakini tazama hesabu ya umri. Tangu mwaka 2008 sheria ya Ulaya huita nyama ya ndama ile ya mnyama asiyezidi miezi minane; anayechinjwa kati ya miezi minane na kumi na miwili hupewa jina jingine dukani. Nguruwe wa ufugaji wa kisasa huchinjwa akiwa na miezi sita hivi. Kuku wa nyama unayemla kwa chipsi jioni ana wiki sita tu, na hajawahi kukanyaga nyasi. Ukikataa kwa sababu ya umri, basi anza na kuku. Ambapo ningekubaliana nawe moja kwa moja ni kwa ndama wa siku chache, ambaye hajapata hata muda wa kulimaliza dang'a la mama yake, yaani yale maziwa ya kwanza. Nyama yake ni laini kupita kiasi, yenye majimaji, inachanika mkononi, na hakuna sababu ya mtu yeyote kuiuza.

Ninapika katika hoteli moja kando ya ziwa. Wageni wa umri mkubwa, hasa waliosoma Ulaya zamani, hunirudishia sahani wakisema kwamba nyama ya ndama lazima iwe nyeupe na kwamba hii ya kwetu ni ya ng'ombe mkubwa. Muuzaji anaapa kuwa ni ndama. Nani ananidanganya? Na kwa nini kwenye mkaa inakauka? (Mpishi)

Ndugu mpishi, huenda hakuna anayekudanganya. Wageni wako wanakumbuka nyama ya vizimba, na kumbukumbu yao ni sahihi: ilikuwa karibu rangi ya kuku. Wekundu wa nyama hutokana na mayoglobini, protini iliyomo katika misuli, ambayo huongezeka kwa umri, kwa mazoezi ya misuli na kwa chuma kilichomo katika chakula. Ndama aliyepanda na kushuka vilima vya Masisi akila majani hawezi kuwa mweupe akiwa na miezi mitano, hata ukimwombea. Rangi yake ya kweli ni ya waridi, na akikaribia miezi minane inaelekea wekundu.

Ukitaka kumpima muuzaji, acha rangi utazame mifupa. Mbavu za ndama ni nyembamba, na ncha za mifupa yake bado ni gegedu ambalo kisu cha jikoni kinapita. Mafuta yake ni machache na meupe, hasa yale yanayozunguka figo. Ng'ombe mkubwa aliyekula nyasi miaka mingi huwa na mafuta ya manjano. Nyuzi za nyama ni laini, hazionekani kwa urahisi ukizikata kwa upande. Nami ningeongeza tahadhari moja: hapa kwetu, nyama ya ndama iliyo nyeupe kabisa ningeiogopa. Hakuna anayelisha ndama maziwa ya unga yasiyo na chuma huko vilimani. Kwa hiyo weupe huo humaanisha ama mnyama wa siku chache ama mgonjwa aliyemalizwa damu na kupe au minyoo. Tafuta muhuri wa mkaguzi kabla hujalipa.

Kuhusu kukauka, nyama ya ndama ina mafuta kidogo na tishu-unganishi nyingi, zile nyuzi ngumu zinazoshikilia misuli, na hivyo viwili havipatani na moto mkali wa muda mrefu. Sehemu ya mgongo ndiyo pekee inayostahili mkaa wa mbabula: ikate nyembamba, moto uwe mkali kweli, dakika chache kila upande, uitoe. Shingo, kifua na miundi vinataka maji na subira. Wageni wako wanaotaka weupe wapikie blanketi (blanquette, ule mchuzi mweupe wa Kifaransa) kama zile walizokula ujana wao: vipande vianze katika maji baridi ili povu lipande na ulitoe, kisha vitunguu, karoti na sileri, na moto mdogo kwa saa moja na nusu au zaidi, maji yakitikisika tu bila kuchemka kwa fujo. Supu hiyo inatiwa siagi na unga uliokaangwa bila kugeuka rangi, na mwishoni kiini cha yai kilichopigwa na krimu. Baada ya yai kuingia usiichemshe tena, itakatika. Miundi iliyokatwa pamoja na mfupa, uboho ukiwa ndani, ipike vivyo hivyo lakini kwa nyanya na vitunguu saumu, uipeleke mezani pamoja na bugali au makemba. Hiyo haitarudi jikoni. Na kwenye orodha ya vyakula andika wazi kwamba ni nyama ya ndama wa malishoni, yenye rangi ya waridi, ili mgeni ajue kabla hajaagiza.

Nina ng'ombe wanane wa maziwa, watatu ni chotara wa Friesian. Ndama madume nawauza wakiwa na mwezi mmoja kwa bei ya aibu. Mtu mmoja ameniambia nikiandika "bio" nitauza ghali mjini, maana ng'ombe wangu wanakula nyasi tu. Ni kweli? (Mfugaji wa Masisi)

Usiandike. Nyasi zako ni mwanzo mzuri, na ndama wako huenda anaishi vizuri kuliko wengi wenye cheti, lakini bio ni ahadi inayofuatiliwa kwa daftari, na daftari ndilo ambalo huna. Kwa kanuni za Ulaya malisho yenyewe hukaa miaka miwili bila mbolea ya viwandani wala dawa zisizoruhusiwa kabla majani yake hayajahesabiwa kuwa ya kilimo hai. Kwa upande wetu kuna kiwango cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007, ambacho alama yake ni Kilimohai, na kinaruhusu pia wakulima kukaguana kwa vikundi badala ya kumlipa mkaguzi kutoka mbali. Kwa kuwa Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, huo ndio mlango ambao ningeubisha kwanza, tena kwa kikundi cha majirani, si peke yako.

Mtihani wako mkubwa utakuwa kupe. Ndigana kali huua ndama, na chotara ni dhaifu kwake kuliko ng'ombe wa kienyeji, kwa hiyo anayekwambia kwamba bio ni kuacha dawa zote anakupeleka kwenye hasara na anampeleka ndama kwenye mateso. Kanuni hazisemi hivyo. Za Ulaya zinamlazimisha mfugaji kumtibu mnyama anayeumwa, hata kwa antibiotiki pale ambapo tiba nyingine haifai. Ila mnyama ambaye maisha yake hayazidi mwaka mmoja akipata zaidi ya duru moja ya tiba za namna hiyo, nyama yake haiuzwi tena kama bio, na muda wa kungoja kati ya sindano ya mwisho na kuchinjwa huongezwa mara mbili ya ule ulioandikwa kwenye chupa. Chanjo na dawa za wadudu na minyoo hazihesabiwi katika hiyo duru moja. Chanjo ya ndigana kali, ambayo hutolewa sambamba na antibiotiki ya okstetrasaiklini, mjadiliane na mkaguzi mapema. Hata usipoitafuta bio kamwe, andika tarehe ya kila sindano: baadhi ya okstetrasaiklini za muda mrefu zinataka wiki nne au hata zaidi kabla ya nyama kuliwa, na mteja wa mjini hana njia nyingine ya kujua.

Halafu fanya hesabu ya maziwa, kwa sababu hapo ndipo wafugaji wengi wanapokata tamaa. Ndama akinywa lita nne kwa siku kwa siku 90, amekunywa lita 360 ambazo ungeziuza. Bei yake ikiwa haizirudishi lita hizo pamoja na majani, chumvi na kazi yako, basi utakuwa unamfuga kwa huruma, na huruma haijengi zizi. Kwa wale ng'ombe watatu chotara, ambao hutaki kila ndama wao awe mrithi zizini, fikiria kuwapandisha kwa dume wa aina ya nyama, ili ndama dume anayezaliwa awe na mwili wa kuuzika. Mbegu zilizochaguliwa jinsia, zinazotoa majike karibu tisa kwa kila kumi, zipo duniani, lakini zinataka mtungi wa naitrojeni ya kimiminika wa kuzigandisha na mpandishaji hodari, na barabara ikifungwa wiki mbili umepoteza vyote viwili.

Mpaka upate cheti, uza kilicho kweli: ndama aliyenyonya miezi mitatu, aliyelishwa malishoni, mwenye daftari la dawa, aliyechinjwa karibu na nyumbani akiwa na miezi sita au saba. Tafuta mnunuzi na mpatane bei kabla ndama hajamaliza mwezi wa kwanza, si siku unapomtoa zizini. Mpishi aliyetuandikia hapo juu anatafuta nyama ya namna hiyo, na Mama wa Himbi naye ana sikukuu nyingine mbele. Mkituandikia kwamba mnakubali, ofisi yetu itawapa namba za simu.